Goti la Soslan

Mazungumzo ya leo yanatupeleka kwenye milima ya Kaukasi, kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, kwa Waosetia. Ni taifa dogo, lugha yao ni ya jamii ya Kiirani, na nasaba yao hufuatwa kupitia Waalani hadi kwa Wasarmati na Waskithia, wale wapanda farasi ambao Herodoto aliandika habari zao karne tano kabla ya Kristo. Kaskazini mwa safu ya milima mji wao ni Vladikavkaz, ndani ya Urusi. Kusini mwake ni Tskhinvali, kwenye ardhi ambayo ugomvi wake na Georgia haujatulia hadi leo. Ugomvi huo sitaugusa. Nimekuja kuzungumzia riwaya zao za mwanzo, na ili nizifikie lazima nipitie kwenye hori moja la mti.

Waosetia wana utendi mkubwa wa mashujaa waitwao Wanarti. Mmoja wao ni Soslan, na kuzaliwa kwake ni hivi. Bibi Satana, mama wa Wanarti wote kwa heshima, yuko mtoni anafua. Ng'ambo ya mto mchungaji anamwona, tamaa inamzidi nguvu, na mbegu yake inadondokea jiwe. Satana anazihesabu siku kimyakimya. Miezi ilipotimia jiwe likapasuliwa na mtoto akatoka. Sasa mtoto huyo lazima akomazwe awe kama chuma cha pua, na dawa ya kumkomaza ni maziwa ya mbwa mwitu. Aitwe Kurdalagon, mhunzi wa mbinguni. Lichongwe hori la gogo, mtoto alazwe ndani, maziwa yamwagwe.

Lakini palikuwa na mtu anaitwa Syrdon. Huyu Syrdon akapenyeza maneno yake, hori likakatwa fupi kwa vidole vinne. Mtoto alipolazwa hakuenea. Ikabidi akunje miguu, magoti yakabaki nje ya maziwa. Mwili wote ukawa pua, magoti yakabaki nyama. Miaka mingi baadaye, shujaa ambaye upanga ulikuwa haumwingii alikatwa miguu na gurudumu la Balsag, chombo cha mbinguni kinachobiringika na kuwaka, na kilimkata palepale kwenye magoti.

Msikilizaji wa pwani yetu hapa ameshamkumbuka Fumo Liyongo na sindano ya shaba kitovuni. Ni sawa kabisa, maana shujaa asiyeuawa ila kwa mahali pamoja yuko katika mataifa mengi. Wapo wahakiki wanaowaita watu hawa vikale, yaani wahusika wa tangu na tangu ambao kila kizazi huwavisha nguo za wakati wake. Ila kwa Liyongo siri iko tu mwilini mwake, na mwanawe ndiye anayemsaliti. Kwa Soslan yupo aliyeitengeneza ile kasoro kwa makusudi, tangu utotoni, kwa kupunguza kipimo cha seremala. Na mimi nadai, wasikilizaji, kwamba Syrdon, huyo fitina, ndiye babu wa mwandishi wa riwaya katika Osetia.

Nieleze. Syrdon si Mnarti kamili. Nyumba yake imefichwa chini ya ardhi, njia zake zimepindapinda hata asiye mwenyeji hawezi kuipata. Kila siku yuko Nykhas, barazani wanapokaa wanaume, anacheka, anachonganisha, anasema kweli ambayo hakuna anayetaka kuisikia. Siku moja aliiba ng'ombe wa Mnarti mmoja, Khamyts, akamchinja. Khamyts naye akamfunga mbwa wa Syrdon uzi mguuni, akaufuata uzi mpaka akaufikia mlango uliofichika. Ndani akakuta nyama ya ng'ombe wake inachemka jikoni. Mwenyewe hayupo, yuko barazani anawatania watu. Khamyts akawaua watoto wa Syrdon na kuwatia katika jungu lilelile.

Syrdon akarudi nyumbani. Akachovya uma junguni atoe nyama, akatoa mkono wa mwanawe.

Visa vingine vya Wanarti ni vya farasi na mapanga, na vingi vinafanana. Hiki hakifanani na kingine. Syrdon hakuchukua upanga. Alichukua mkono wa mwanawe mkubwa, akavuta juu yake nyuzi 12 za mishipa ya wanawe, akatengeneza kinubi, kile ambacho Waosetia hukiita fandyr. Akaenda nacho barazani kwa walewale waliomtenda, akapiga na kuimba maombolezo. Wanarti wakalia. Wakamkubali awe mmoja wao, na ada aliyolipa kuingia ilikuwa kinubi hicho. Hivyo kwa Waosetia sanaa ilitoka mikononi mwa mtu wa pembeni, mwizi aliyefiwa, na watu wake wakaipokea kabla hawajampokea yeye.

Sasa twende kwenye vitabu. Mwaka 1899 Kosta Khetagurov, mtoto wa kijiji cha Nar, alitoa kitabu chake cha mashairi kwa Kiosetia na jina alilokipa ni la kinubi hichohicho: Iron fændyr, kinubi cha Kiosetia. Khetagurov alikuwa mchoraji na mwandishi wa magazeti ya Kirusi, na serikali ya mfalme wa Urusi ilimfukuza nchini kwao zaidi ya mara moja. Ndiye baba wa fasihi yao ya maandishi, hakuna anayebisha. Katika utendi wake mmoja wa makaburini, marehemu anapanda farasi aliyewekewa wakfu mazishini, anaelekea nchi ya wafu, njiani anaona watu na malipo ya matendo yao. Ni shairi, lakini tayari ni msafiri anayetazama maisha ya watu wengine na kuuliza sababu. Nathari ilikuja sambamba, kwa hadithi fupi za Seka Gadiev na Arsen Kotsoev, ndipo riwaya ikafuata.

Mhusika wa kwanza wa utendi kuingia riwayani alikuwa mpora ng'ombe. Msishangae. Wanarti walikwenda safari za kuteka mifugo, za mwezi, za mwaka, hata za miaka mitatu, na kijana asiyekwenda hakuwa na la kusema barazani. Tena palikuwa na kombe la ajabu, Uatsamonga, ambalo halikunyweka bila ushahidi: mtu akisimulia matendo yake kwa kweli, kombe huinuka lenyewe hadi mdomoni, akidanganya, halijongei. Herodoto anasema Waskithia walikuwa na karamu ya kila mwaka ambamo asiyeua adui hapewi kinywaji, hukaa kando kwa aibu. Desturi hiyo imekaa muda mrefu, kama mnavyoona.

Baada ya Warusi kuiteka Kaukasi, mtu wa aina hiyo hakuwa tena shujaa, akawa mhalifu mwenye kutafutwa. Kule humwita abrek. Mwaka 1926 Dzakho Gatuev, Mosetia wa Vladikavkaz aliyeandika kwa Kirusi, alitoa kitabu kiitwacho Zelimkhan, juu ya abrek Mchecheni wa kijiji cha Kharachoy. Zelimkhan alikuwa mtu wa kweli. Ugomvi wa uchumba wa ndugu yake ukazaa damu, damu ikazaa kifungo, akatoroka. Mwaka 1910 aliongoza uvamizi wa hazina ya mji wa Kizlyar, akauawa 1913. Gatuev alipata hapo Soslan mwenye bunduki, na alipata kitu ambacho utendi haukuwa nacho: ofisi, amri za serikali, faini kwa vijiji vizima, karani anayeandika. Adui wa shujaa si jitu tena, ni jalada la karatasi. Kitabu kile kinakaa mpakani, nusu taarifa, nusu riwaya, na kwangu hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Kisha ikaja miaka ya 1930 na mambo yakabana. Agosti 1934, Moscow, ulifanyika mkutano mkuu wa kwanza wa waandishi wa Kisovieti. Maksim Gorky alisimama akasema, kwa muhtasari wangu, kwamba mashujaa waliokamilika kuliko wote wametoka katika masimulizi ya wananchi, akiwataja kina Hercules na Prometheus. Fikiria uko Vladikavkaz, wewe ni mwandishi kijana, lugha yako haina riwaya au inayo moja, na unasikia agizo hilo. Furaha iliyoje! Prometheus wanaye, kwao anaitwa Amran, amefungwa mlimani, na Elbyzdyko Britaev alikuwa ameshamwandikia tamthilia. Shujaa wa chuma wanaye. Batradz alizaliwa anawaka kutoka mgongoni mwa baba yake, akaenda mwenyewe kwa mhunzi wa mbinguni akaomba apikwe tanuruni hadi awe pua. Alipokufa upanga wake ulitupwa Bahari Nyeusi, maji yakachemka, na Mungu mwenyewe alidondosha machozi matatu, kila tone likawa mahali patakatifu. Mojawapo ni Rekom, kwenye bonde la Tsey, ambako watu huenda kuomba hadi leo.

Batradz ndiye aliyetakiwa. Mwanamapinduzi wa pua, asiyechoka, asiyeogopa, asiye na goti. Ila shujaa wa namna hiyo huishi katika utendi kwa sababu utendi humpitisha mbio: anakwenda, anapiga, anarudi. Riwaya hukaa naye. Inamtazama akila, akinyamaza, akimjibu mkewe vibaya. Mtu wa pua ukikaa naye kurasa 300 anakuchosha. Ndiyo maana riwaya nyingi za enzi ile, za Kiosetia na za majirani zao, zina shujaa mzuri asiyekumbukwa na adui mwenye nguvu anayekumbukwa. Waandishi walikatazwa kukata hori fupi.

Kati ya riwaya za kwanza kwa lugha yenyewe, mbili hutajwa daima: ya Kosta Farnion, ambayo jina lake ni la mshindo wa dhoruba, na ya Baron Botsiev, Sast ræxys, yaani mnyororo uliokatika, ya 1935. Kwenye jina la Botsiev nitasimama kidogo, kwa sababu mnyororo huo nataka muuone.

Katika nyumba ya zamani ya Waosetia moto uko katikati, na juu yake unaning'inia mnyororo wa chuma unaoshika jungu. Ndio roho ya nyumba. Mlinzi wake ni Safa, na watu waliuapia. Bi harusi alizungushwa moto na mnyororo ule alipoaga kwa baba yake, akazungushwa tena alipopokewa kwa mume. Aliyetaka kuitukana familia tusi lisilosameheka aliung'oa mnyororo akautupa nje, na tusi hilo lilidai damu. Na mtu mwenye damu mikononi akikimbilia ndani akaushika, mwenye nyumba hamgusi tena, hata kama aliyeuawa ni wa kwao.

Sasa kamati ya uchapishaji ikisikia mnyororo umekatika, inasikia utumwa umekwisha. Mhuri unagongwa, kitabu kinapita. Bibi kizee wa mlimani akisikia maneno yaleyale anajua kuna nyumba imefutika. Siamini kwamba mwandishi aliyezaliwa 1901, aliyekulia chini ya mnyororo kama huo, hakuisikia maana ya pili. Jina moja likabeba ushindi na msiba pamoja, na hakuna mkaguzi aliyeweza kuutoa mmoja akaacha mwingine. Huko ndiko kukata vidole vinne kwa werevu.

Riwaya hizi zilipata mkosi mwingine ambao haukutokana na siasa ya wahusika. Tangu 1923 Kiosetia kiliandikwa kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1938 kaskazini walirudishwa kwenye herufi za Kirusi, kusini wakapewa za Kigeorgia hadi 1954. Mtoto aliyeanza shule 1939 hakuweza kusoma kitabu alichonunua kaka yake miaka minne nyuma. Ongeza misako ya Stalin, iliyowameza Gatuev na Farnion, na utaelewa kwa nini kizazi kilichofuata kilianza kana kwamba hakuna aliyetangulia. Kina Dabe Mamsurov walirudia kuita riwaya kubwa kwa jina la utenzi wa mashujaa, na visa vya Wanarti vyenyewe vikachapwa kwa pamoja katika toleo rasmi la 1946.

Hapa nataka nimrudie Satana, maana wahakiki humsahau wakishaanza kusema juu ya chuma. Kuna mwaka wa njaa. Uryzmag, mumewe, anarudi kutoka barazani amenuna, anajitupa kwenye kiti cha pembe mpaka kiti kinavunjika. Satana anamuuliza kulikoni. Vijana wetu wanakufa njaa, wamelala barazani hawana nguvu, asema mzee. Satana anamshika mkono, anamfungulia ghala: chumba cha mikate, chumba cha nyama, chumba cha vinywaji. Kila walipokwenda mialiko na kuletewa sehemu yake, yeye aliiweka. Kisa kingine, Uryzmag amemkasirikia, anamrudisha kwao na kumwambia achukue chochote anachokithamini kuliko vyote. Satana akaomba kwanza karamu ya kuagana. Mzee akanywa, akalewa, akalala. Alipozinduka yuko garini nyikani, ng'ombe wanavuta. Tunakwenda wapi? Kwetu, akajibiwa, nimechukua nilichokithamini.

Mwanamke huyo hahitaji kubadilishwa chochote ili aingie riwayani. Mazungumzo yapo, ndoa ipo, akiba ya chakula ipo. Utendi unaondoka na wanaume kwenda safarini. Riwaya hubaki nyumbani na Satana. Riwaya za Kisovieti zilipomchukua zilipenda kumfanya mama mzee anayelia na kubariki wana wanaokwenda vitani. Walimpunja. Satana wa utendi ana hila, ana tamaa, na huwatawala Wanarti bila kuwaomba ruhusa.

Nimemweka mwisho yule ambaye wengine hawatakubali nimtaje. Mwaka 1930 huko Paris vilikuwapo vitabu viwili vipya. Kimoja kilikuwa cha mtaalamu Mfaransa Georges Dumézil, juu ya visa vya Wanarti. Cha pili kilikuwa riwaya kwa Kirusi, Jioni kwa Claire, na mwandishi wake alikuwa dereva wa teksi wa usiku, Gaito Gazdanov, Mosetia aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1903. Alijiunga na jeshi la Weupe wa Urusi, yaani wapinzani wa Wabolsheviki, akiwa na miaka ipatayo 16, akahudumu katika treni ya deraya, akakimbia kupitia Crimea mwaka 1920, hakuiona tena nchi. Kiosetia hakukijua.

Katika riwaya hiyo yumo babu. Enzi za ujana wake babu huyu aliteka makundi ya farasi wa makabila ya maadui akayauza. Sasa ni mzee mwenye nyumba yake Kislovodsk. Ndiye Mnarti wa safari za miaka mitatu, amestaafu. Mjukuu wake, Kolya, msimulizi, naye amepanda chuma, ile treni ya deraya, tena chuma kweli, si cha utendi. Lakini ndani ya chuma hicho yuko kijana anayeota, anayechelewa kuhisi mambo, aliyeingia vitani si kwa imani bali kwa kutaka kujua vita ni nini. Mwili wa pua umekuwa wa treni na mtu amebaki goti tupu. Kati ya riwaya zote za Waosetia wa kizazi kile, hii ndiyo ninayoiona imempata Soslan, ingawa jina lake halimo.

Aliyeisifu mapema mnajua ni nani? Gorky. Alimwandikia Gazdanov barua mwaka huohuo wa 1930 kumtia moyo, miaka minne kabla ya kusimama Moscow kudai mashujaa waliokamilika. Mwaka 1935 Gazdanov alimwandikia yeye kuomba msaada wa kurudi, kwa kuwa mama yake alikuwa Vladikavkaz na anaumwa. Gorky akafa 1936, safari haikuwa. Kuanzia 1953 Gazdanov aliacha teksi akaingia kazi hii yetu ya maikrofoni, katika Radio Liberty iliyokuwa Munich, na aliifanya hadi alipofariki 1971.

Wapo Waosetia wanaosema huyo ni mwandishi wa Kirusi, basi. Kwa kipimo cha lugha wana haki, na sina ubavu wa kuwafundisha mipaka ya fasihi yao. Mimi napima kwa wahusika, na kwa kipimo hicho ni wao. Anayetaka kupima mwenyewe, Jioni kwa Claire ni kitabu chembamba na kiko kwa Kiingereza na Kifaransa. Visa vya Wanarti navyo viko kwa Kiingereza, tafsiri ya Walter May. Ukivipata vyote viwili, anza na visa, na usianzie kwa Soslan wala Batradz. Tafuta sura za Syrdon, uzisome zote kwanza.